Stima Ikirudi, Usikimbilie Swichi

Maelezo ya kusomwa katika mabaraza ya wadi kabla ya mvua za masika: jinsi ya kukinga friji, runinga na vifaa vingine vya nyumbani dhidi ya umeme unaopanda na kushuka ghafla

Baraza la leo halina mgeni wa heshima wala mradi wa kuzindua. Linahusu friji.

Chukulia mama mmoja wa Mtwapa anayeuza juisi ya ukwaju, barafu na samaki kidogo. Friji yake ameinunua kwa pesa za chama na deni bado halijaisha. Jioni moja stima inapotea mtaa mzima. Baada ya saa mbili watoto wa jirani wanapiga kelele, "Imerudi!" Taa inawaka kwa mwanga mkali kuliko kawaida, inazima, inawaka tena. Friji inanguruma mara moja, kisha inanyamaza. Asubuhi fundi anakuja, anaivuta mbele, anainama nyuma yake, ananusa. Hana haja ya kusema mengi. Kompresa imeungua, na samaki wa juzi wameanza kulainika.

Majirani watasema stima ilipotea ndipo friji ikafa. Lakini stima inapopotea, friji hulala tu. Inayoiua ni stima inayorudi, kwa jinsi inavyorudi na jinsi nyumba inavyoipokea. Jinsi inavyorudi haiko mikononi mwa mwananchi. Jinsi ya kuipokea iko mikononi mwake, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haina gharama yoyote.

Kinachotokea dakika ile stima inaporudi

Umeme wa nyumbani hapa Kenya ni wa volti 240. Kifaa kizuri huvumilia kupanda na kushuka kidogo. Taabu huja stima inaporudi mtaani baada ya kupotea, kwa sababu kila kilichoachwa kimewashwa huamka kwa pamoja: friji, feni, pampu za maji, mashine za kusaga, viyoyozi vya hoteli. Mota inapoanza kuzunguka hunywa umeme mara kadhaa zaidi ya inavyohitaji ikishachanganya. Kwa hiyo volti hushuka, kisha mota zikishashika mwendo, hupanda. Juu ya hayo, laini nyingi zina mitambo inayojijaribu yenyewe: hurudisha stima, ikihisi hitilafu bado ipo hukata, husubiri kidogo, hurudisha tena. Ule mwako wa mara mbili tatu ambao watoto huushangilia ndio huo.

Friji ina udhaifu wake wa pekee. Ndani yake kuna gesi inayosukumwa na kompresa. Ikizimika ghafla, gesi ya upande mmoja hubaki na msukumo mkubwa, na huchukua dakika kadhaa kutulia. Stima ikirudi kabla haijatulia, kompresa huwa kama mtu anayesukuma mlango uliokomewa kwa ndani. Inanguruma, haizunguki, na waya zake za ndani zinachemka. Ikirudiwa mara tatu kwa dakika moja, hata friji mpya haina uhakika wa kupona.

Volti ndogo nayo huua, ingawa wengi huogopa ile kubwa tu. Taa ikiwa hafifu kama mshumaa, mota ya friji au ya pampu hujitahidi kuzunguka, haiwezi, na huungua polepole bila kishindo. Anayesema "stima iko kidogo, lakini friji acha iendelee" anaiacha iungue.

Basi stima ikipotea, chomoa friji, runinga, mikrowevu na pampu. Kuzima runinga kwa rimoti hakutoshi, maana taa yake nyekundu ni ishara kwamba bado imeunganishwa. Acha balbu moja tu imewashwa iwe shahidi. Stima ikirudi, itazame balbu hiyo kwa dakika kumi. Ikitulia bila kucheza, rudisha friji kwanza, subiri ishike mwendo, kisha vingine kimoja kimoja. Dakika kumi hazitaharibu chakula. Friji iliyofungwa hushika baridi kwa saa nne hivi, na freza iliyojaa hushika kwa zaidi ya siku moja, mradi mlango usifunguliwe kila mtoto anapotaka maji baridi.

Wapo watakaosema kwamba mtaani kwao stima haina matatizo. Huenda ni kweli, lakini mtandao mkuu wa umeme wa nchi ni mmoja, na tatizo halianzi lazima kwenye nguzo iliyo mbele ya nyumba. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, kwenye Mto Tana, akaangukia transfoma. Mitambo ikazimika mmoja baada ya mwingine, na nchi nzima ikakosa stima kwa zaidi ya saa tatu. Tumbili mwenyewe alinusurika, akachukuliwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Mwaka 2022, mwezi Januari, minara ya laini kubwa ya Kiambere hadi Embakasi ilianguka na nchi ikaingia gizani. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 giza lilirudi tena, na sehemu nyingi zililala hivyo. Mara zote hizo, nyumba nyingi zilizokuwa na friji kwenye soketi zilingoja stima irudi.

Waya mmoja ukilegea

Kuna hatari nyingine ambayo haingoji stima ipotee, na ndiyo inayofaa kusimuliwa taratibu, kwa sababu wengi wameiona bila kuijua.

Kutoka kwenye transfoma ya mtaa hutoka nyaya nne. Tatu ni za fezi, yaani zenye moto, na mmoja ni nyutro, njia ya umeme kurudia. Nyumba ya kawaida hupewa fezi moja na nyutro, ndipo inapopata volti 240. Lakini kati ya fezi moja na nyingine kuna volti 415. Nyutro ndiyo inayozuia hizo 415 zisiingie ndani ya nyumba za watu.

Sasa nyutro ikatike au ilegee. Inaweza kuwa kuti la mnazi limeangukia laini wakati wa upepo wa kusi. Inaweza kuwa kiungo kilicholiwa na chumvi ya bahari, kwa maana nyaya za Pwani hushika kutu na ukoga kuliko za bara. Inaweza kuwa mtu aliyeunganisha nyumba ya tatu na ya nne kwa kusokota waya kwa mkono na kuufunga karatasi ya nailoni. Umeme ukikosa njia ya kurudia, hutafuta njia kupitia nyumba ya jirani aliye kwenye fezi nyingine. Nyumba mbili hujikuta zinagawana volti 415, na hazigawani sawa. Yenye vitu vingi vilivyowashwa, kama pasi, birika na jiko la umeme, hupata volti chache. Yenye balbu mbili na runinga hupata zilizobaki, na zilizobaki zinaweza kupita 300.

Yaani mwenye vifaa vichache ndiye anayeunguzwa. Hasara hiyo haina haki hata kidogo, lakini ndivyo umeme unavyogawanyika.

Dalili zake ni hizi. Taa za nyumba moja zinang'aa mno, karibu kuwa buluu, na za nyumba ya pili zimefifia. Ukiwasha pasi, taa badala ya kufifia kidogo zinabadilika sana, huku au kule. Feni inakimbia kupita kiasi. Chaja inanuka. Ukiona hayo, usitafute chanzo na usimwite jirani kwanza aje atazame. Zima swichi kuu. Kila mtu mzima wa nyumba, na kila mtoto anayefikia kwa mkono, aijue swichi kuu iko wapi na inazimwaje gizani. Kisha ripoti Kenya Power kwa simu 97771 au kwa kubonyeza *977#, na uwaarifu majirani wazime zao pia.

Fundi wa mtaa asipande nguzo. Kuanzia mita kwenda nje ni mali na kazi ya Kenya Power. Kuanzia mita kuingia ndani ni ya mwenye nyumba na fundi wake mwenye leseni. Kadhalika, mti unaogusa laini usikatwe na mwenye shamba. Kuti bichi au tawi lenye mvua hupitisha umeme, na panga ni chuma.

Waya wa ardhini, ambao hakuna anayeuuliza

Mtu akienda dukani huuliza bei ya ekstensheni yenye kinga. Ni wachache wanaouliza kama nyumba yao ina waya wa ardhini unaofanya kazi. Ila bila waya huo, ekstensheni hiyo hupoteza sehemu kubwa ya kazi yake.

Ndani ya ekstensheni yenye kinga kuna vipande vidogo vilivyotengenezwa kwa oksaidi ya zinki. Volti zikiwa za kawaida, vipande hivyo hulala. Zikipanda ghafla, hufungua mlango na kuumwaga umeme uliozidi, hasa kuelekea ardhini. Kama waya wa ardhini haupo, umekatika, au umefungwa kwenye rodi iliyooza, umeme huo hauna pa kumwagikia. Nyumba inabaki na taa nzuri ya kijani kwenye ekstensheni, na kinga nusu.

Hapa Pwani waya wa ardhini una maadui watatu. Wa kwanza ni udongo wenyewe. Mchanga mkavu na mwamba wa matumbawe haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo rodi moja fupi inayotosha kwenye udongo mweusi huenda isitoshe hapa, hasa mwezi wa Februari ambapo ardhi imekauka. Fundi anayejua kazi hupima kwa mita yake, na akikuta haitoshi huongeza rodi au huipeleka chini zaidi. Anayepigilia rodi kwa nyundo na kuondoka bila kupima amebahatisha. Adui wa pili ni chumvi, inayokula kiungo kati ya waya na rodi. Kiungo hicho kikaguliwe kila mwaka. Wa tatu ni mwizi wa shaba. Waya wa ardhini ni shaba tupu, umelala nje ya ukuta, na ukikatwa usiku hakuna taa inayozima. Nyumba inaweza kukaa miaka bila kujua. Mkazi azunguke nyumba yake leo jioni, autafute waya ule wa kijani na manjano, auone unaingia ardhini. Ni kazi ya dakika mbili.

Na ndani ya nyumba kuna tabia moja inayopaswa kuachwa. Plagi za Kenya zina miguu mitatu. Ule mrefu wa juu ni wa ardhini, na ndio unaofungua vitundu viwili vya chini. Mtu mwenye chaja ya miguu miwili huchomeka kalamu kwenye tundu la juu ili afungue vya chini. Wengine huvunja mguu wa juu wa plagi ya friji ili iingie kwenye ekstensheni ya bei rahisi. Kalamu ni hatari kwa mtoto atakayeiga kwa msumari. Mguu uliovunjwa ni friji ya chuma isiyo na pa kumwaga umeme, ikishikwa na mtu aliye pekupeku kwenye sakafu yenye maji. Adapta inayofaa inauzwa karibu kila duka la vifaa vya stima.

Fyuzi iliyo ndani ya plagi nayo ina maana. Runinga na redio haihitaji fyuzi ya ampea 13. Ya 3 au 5 inatosha, kama kitabu cha kifaa kinavyoonyesha. Karatasi ya sigara iliyosokotwa mahali pa fyuzi si fyuzi.

Cha kununua na cha kuacha

Maduka huuza vifaa vya aina kadhaa, vyote kwa jina la kinga, na havifanyi kazi moja.

Ekstensheni yenye kinga hushughulikia mruko mfupi sana wa umeme, kama ule unaotokana na radi iliyopiga mbali. Haiwezi kuzuia volti 350 zinazokaa dakika tano kwa sababu nyutro imekatika. Hapo yenyewe huungua. Pia huchakaa kimya kimya. Kila mruko unakula kidogo ya vile vipande vya ndani, mpaka siku moja inabaki kuwa ekstensheni ya kawaida. Zilizo bora zina taa ndogo inayozimika kinga ikiisha. Taa hiyo ikizima na soketi bado zinafanya kazi, ni wakati wa kununua nyingine.

Kilinda friji, kile kiboksi kinachochomekwa kati ya soketi na plagi, ndicho kinachomfaa yule mama wa Mtwapa kuliko kingine chochote. Kazi yake ni mbili. Hukata stima volti zikizidi au zikipungua kupita mpaka wake, na stima ikirudi hungoja dakika chache kabla ya kuiruhusu ifike kwenye friji. Yaani hufanya ile kazi ya kusubiri hata kama mwenye nyumba yuko sokoni. Vipo vya runinga pia, vyenye muda mfupi zaidi wa kungoja. Muhimu ni kutazama kama kinabeba uzito wa kifaa: cha runinga hakifai freza kubwa.

Stebilaiza hunyanyua volti ndogo na kupunguza kubwa. Inafaa kwa nyumba iliyo mwisho wa laini, mbali na transfoma, ambako taa hufifia kila jioni. Kwa nyumba nyingine ni gharama ya bure. Lakini kama mtaa mzima taa zinafifia kila siku, dawa ni malalamiko ya pamoja ya mtaa yakiwa na tarehe na saa, kwa sababu tatizo hilo hutoka kwenye transfoma iliyozidiwa, na stebilaiza kumi haziwezi kuipunguzia mzigo.

Kwa anayejenga au kufanyia nyumba marekebisho, amwambie fundi afunge ndani ya bodi kuu swichi inayokata volti zikizidi au zikipungua. Hicho ndicho kifaa kinachoilinda nyumba nzima dhidi ya nyutro iliyokatika. Nyumba nyingi za kupanga hazina, na bei yake ni ndogo sana mbele ya friji moja. Wenye nyumba za kupangisha wafikirie hilo, maana mpangaji aliyeunguziwa vitu ndiye yule atakayechelewesha kodi.

Ununuzi wenyewe uwe wa macho. Ekstensheni bandia zimejaa, na nyingi zina waya mwembamba kama uzi wa mshipi na mguu wa ardhini usiounganishwa na chochote ndani. Bidhaa yenye alama ya ubora ya KEBS ina namba ya kibali. Tuma herufi SM# ikifuatwa na namba hiyo kwenda 20023, na jibu litakuja likitaja bidhaa na mtengenezaji. Muuzaji anayekasirika mteja akitoa simu amejibu mwenyewe.

Na haijalishi ekstensheni ni nzuri kiasi gani, friji haiungwi kwenye ekstensheni iliyochomekwa kwenye ekstensheni nyingine. Hili linawahusu hasa waliopata stima kupitia redi bodi yenye soketi chache. Afadhali kumlipa fundi aongeze soketi.

Radi

Masika yakianza, kuanzia Machi na Aprili, na tena wakati wa vuli kuanzia Oktoba, radi hupiga zaidi, na wakazi wa Kaloleni, Ganze na Magarini wanaijua vizuri. Hakuna kifaa cha dukani kinachozuia radi iliyopiga nyumba yenyewe au nguzo iliyo jirani. Kuchomoa ndiyo kinga, tena kuchomoa plagi. Swichi ya soketi huacha nafasi ya milimita chache tu ndani, na radi iliyosafiri kilomita angani haishindwi kuiruka.

Wengi huchomoa runinga na kusahau waya wa dishi au wa antena. Mti uliosimikwa uani ukiwa na antena juu yake ni mwaliko kwa radi, na waya wake unaiingiza moja kwa moja nyuma ya runinga hata kama plagi imechomolewa. Uchomolewe nao pia.

Haya yafanywe kabla mvua haijafika. Sauti ya radi huchukua sekunde tatu hivi kusafiri kilomita moja. Mtu akiona mmweko, ahesabu. Ikisikika kabla ya kufika thelathini, radi iko ndani ya kilomita kumi na inaweza kupiga alipo. Wakati huo asiguse plagi, waya wala bomba, asioge kwenye hita ya umeme, asiongee na simu ikiwa kwenye chaja. Kama vifaa vilisahauliwa, viachwe. Runinga hununuliwa. Stima na plagi zirudi nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Neno moja kwa wenye jenereta na sola kubwa. Jenereta isiunganishwe na nyumba bila swichi ya kubadilishia. Ikirudisha umeme kwenye laini, transfoma huupandisha hadi maelfu ya volti, na mfanyakazi aliye juu ya nguzo, akijua laini imezimwa, hufa.

Hasara ikishatokea

Wananchi wengi hufikiri kifaa kikiungua ni bahati mbaya. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inatambua fidia kwa mteja anayepata hasara kwa sababu ya umeme mbovu au unaokatikakatika. Kupata fidia si rahisi kama kuisoma, na madai mengi huanguka kwa kukosa ushahidi. Kwa hiyo ushahidi ukusanywe siku ile ile.

Andika tarehe na saa stima ilipopotea, iliporudi, na ilichofanya iliporudi. Ripoti hata kama ni usiku, uitunze namba ya ripoti utakayopewa. Waulize majirani kama wao pia wameunguziwa, na waripoti kila mmoja kwa jina lake na namba ya mita yake. Nyumba sita zilizoungua usiku mmoja haziwezi kuambiwa tatizo ni nyaya za ndani ya nyumba moja. Tafuta risiti ya kifaa. Asiye na risiti atafute chochote kinachoonyesha kilikuwa chake: kadi ya malipo ya polepole, ujumbe wa M-Pesa, hata kitabu cha chama. Mwombe fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, aandike kwenye karatasi kilichoungua na sababu aliyoiona, aweke na namba ya leseni yake. Peleka yote kwa barua katika ofisi ya Kenya Power iliyo karibu, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Usipojibiwa au usiporidhika, lalamiko huenda EPRA, na baada ya hapo kuna Baraza la Rufaa la Kawi na Petroli.

Katiba, katika Jedwali la Nne, inaitaja serikali ya kaunti katika usambazaji wa umeme na gesi na udhibiti wa kawi. Nguzo na transfoma za barabarani si za kaunti, lakini ofisi ya msimamizi wa wadi ni mahali ambapo mtaa unaweza kukutana na kuandika malalamiko yake pamoja.

Na kabla fundi hajaondoka na ile kompresa iliyoungua, mwambie aiache. Ni chuma kizito chenye thamani kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na mafundi huzoea kuondoka nacho kama sehemu ya ujira. Iwekwe kwenye gunia, iandikwe tarehe, ikae uani mpaka dai limejibiwa.